Ubongo Hauna Mchezaji wa Akiba

Mpira wa miguu ni mchezo wa kugusana. Wachezaji watasukumana bega kwa bega na kugombea mipira ya juu, na hakuna mtabibu mwenye busara atakayedai yaondolewe hayo. Swali linalotuhusu sisi wa sekta ya afya ni moja: mchezaji akigongwa kichwani, nani aamue kama aendelee kucheza? Katika viwanja vyetu vingi, vikiwamo vile vya vumbi hapa Miyuji, uamuzi huo huachiwa kocha anayetafuta ushindi, au mchezaji mwenyewe asiyetaka kuonekana dhaifu. Wote wawili hawafai kuutoa.

Tunayo kumbukumbu chungu. Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mchezaji kijana wa Mbao FC alianguka baada ya kugongana na mpinzani wa Mwadui katika ligi ya vijana walio chini ya miaka 20, akafariki dunia. Kifo kile kilitukumbusha kwamba uwanja wa mpira ni mahali pa dharura, na dharura haichagui ligi kubwa au ndogo.

Sheria zenyewe hazijalala. Sheria ya 12 inamtaka mwamuzi amtoe kwa kadi nyekundu anayehatarisha usalama wa mwenzake kwa nguvu iliyopitiliza. Sheria ya 5 inamtaka asimamishe mchezo mara mchezaji anapoumia vibaya. Tangu Julai 2024, Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Soka (IFAB) imeruhusu mashindano kuwa na badiliko moja la ziada kwa kila timu, iwapo mchezaji ameshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo. Aliyetolewa harudi tena uwanjani siku hiyo.

Wapo wanaosema kanuni hiyo italeta ujanja, kwamba timu zitajifanya zimeumia ili zipate badiliko. Jibu limo ndani ya kanuni yenyewe: timu pinzani nayo hupewa nafasi ya badiliko la ziada, hivyo faida ya hila ni ndogo. Wengine husema ni anasa ya matajiri. Hapana. Gari la wagonjwa hugharimu fedha. Badiliko la ziada halina gharama yoyote. Mratibu wa kombe la kata anaweza kuliandika katika kanuni zake leo.

Tatizo kubwa zaidi ni imani kwamba asiyezimia hajaumia. Walio wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu kabisa. Dalili zao ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona maluweluwe, kusahau matokeo ya mchezo au kujibu taratibu kuliko kawaida. Mwenye dalili hata moja kati ya hizi baada ya kugongwa atolewe, asirudi siku hiyo, na asiachwe peke yake. Pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kusababisha uvimbe wa ghafla na kifo, hasa kwa vijana. Maumivu yanayozidi, kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usio wa kawaida au udhaifu wa mkono au mguu ni ishara za kukimbizwa hospitali bila kusubiri filimbi ya mwisho.

Tuache pia desturi ya kumnyanyua majeruhi kwa mikono na miguu na kumwagia maji. Aliyeanguka kwa kichwa achukuliwe kuwa ameumia shingo hadi ithibitike vinginevyo. Kichwa chake kishikwe kisitikisike. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi ni ngumu, na anguko dogo si dogo.

Pendekezo langu ni kwamba kila mashindano, kuanzia yale ya Uwanja wa Jamhuri hadi ya mtaani, yateue mtu mmoja mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, asiyelipwa na timu yoyote, ambaye neno lake juu ya jeraha la kichwa halipingwi na kocha. Wahudumu wa afya wa vituo vyetu wanaweza kuifanya kazi hii kwa zamu. Nanyi wazazi, mtoto akirudi kutoka uwanjani akilalamika kichwa, msimwambie avumilie. Mleteni kituoni.