Wabanduaji wa Vibati vya Magari Wasitafutiwe Visingizio

Liko kundi la watu huko Marekani lililoigeuza kazi ya heshima kuwa kichaka cha kujifichia. Kazi yenyewe ni kufufua magari ya kale: kukwangua kutu, kunyoosha mabati, kupiga rangi na kurudisha injini katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Fundi aifanyaye kwa uaminifu astahili sifa. Lakini wamo wanaokibandua kibati chenye namba ya gari, kisha wakakipigilia kwenye bodi nyingine kabisa.

Kibati hicho si pambo. Magari ya nchi hiyo yaliyoundwa tangu 1981 yana namba ya herufi na tarakimu 17. Ya kabla ya hapo yana namba fupi, kila kampuni kwa utaratibu wake, na kwa hiyo hata ribiti zinazokishika kibati hukaguliwa. Gari la miaka ya 1960 lenye injini adimu huuzwa kwa mara nyingi ya bei ya mwenzake wa kawaida aliyetoka kiwanda hichohicho. Kwa macho yafanana. Basi mlanguzi hununua gari adimu lililooza, akatwaa kibati chake, akakitia kwenye gari duni, au la wizi, akamtoza mnunuzi bei ya lulu.

Wanajitetea ati rangi haikai vizuri kibati kikiwa mahali pake. Huo ni uvivu tu! Kibati hufunikwa kwa utepe wa karatasi, rangi ikapulizwa pembeni yake. Bati lililoliwa na kutu halina dawa ila kukatwa, hilo ni kweli. Lakini hapo fundi mwaminifu hupiga picha na kuwaona wakuu wa usajili kabla ya kushika patasi, wala si baadaye. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1984 inamwekea abanduaye au kugeuza namba kwa makusudi kifungo kisichozidi miaka mitano, na haikumsahau mtengenezaji wa halali.

Anayeumia ni nani? Katika jimbo la Kansas, mtu mmoja alinunua Corvette ya mwaka 1959 kwa dola zipatazo 50,000. Alipoipeleka kusajiliwa, mwaka 2017, polisi waliikamata: katika matengenezo ya zamani kibati kilikuwa kimetolewa na kurudishwa kwa ribiti zisizo za asili. Mnunuzi hakuwa na kosa, na wakuu walilijua hilo; hata hivyo sheria ya jimbo iliagiza gari la namna hiyo liharibiwe. Alihangaika mahakamani kwa miaka, mpaka Bunge la jimbo likaibadili sheria mwaka 2022.

Wapo wanaolishangilia badiliko hilo kana kwamba ubanduaji umehalalishwa. Wamesoma nusu ya karatasi. Sheria mpya inamlinda anayekirudisha kibati kilekile kwenye gari lilelile la kale, tena asiyejua kuwa ni la wizi. Anayekihamishia gari jingine haikumwachia hata upenyo.