Imeandikwa 500W, Ni Uongo! Hii Ndio Kitu Itaua PC Yako Mapema

Wasee, tubonge kuhusu kitu hakuna mtu hupost TikTok. Msee akijenga PC atakuonyesha GPU, atakuonyesha RAM zinawaka rangi kama matatu ya Rongai, atahesabu ma-feni zote. Sasa muulize pawa sapulai ni gani. Atakuambia, "Ni ya 500." 500 ya nani? Hajui. Ilikuja na keisi.

Na saa hii ndio time mbaya kabisa ya kutojua. Bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwisho wa 2025, juu viwanda vinapeleka chip kwa madata senta za AI huko majuu na sisi tunabaki tukigawana makombo. Kabla ya hapo, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikata sapoti ya Windows 10, so watu wengi wakajipata wanatafuta mashine nyingine. Wewe wa ku-edit video, wewe wa kuchapa game, wewe wa kazi za online, nyote mko soko moja na doo ni ile ile. Bajeti ikibana, kitu ya kwanza kukatwa ni hilo sanduku la chuma penye stima inaingilia. Si halionekani?

Mimi nilikata hapo, na nililia.

Nilikuwa nimehepa campo mwaka wa pili, nikaamua editing ndio itanilisha. Nikaokota RX 580 ya mtumba, mashine ya i5, na pawa sapulai mpya ya ngiri moja na soo nane. Kwa boksi imeandikwa 500W na herufi kubwa kama bango la mwanasiasa. Nikamuuliza jamaa wa duka kama itabeba hiyo kadi. "Bosi, hiyo ni 500, itabeba ata mbili." Wiki tatu baadaye niko katikati ya ku-render video ya ruracio ya sista ya beshte yangu, nikaskia PAA! Harufu ya plastiki ikajaa keja. Mashine ikazima, na diski yenye footage yote ikaenda nayo. Kurudi dukani nikaambiwa garantii haifunikii "mambo ya stima." Ati mambo ya stima. Pawa sapulai inafanya kazi gani ingine kwani?

Sasa sikiza venye ningejua bila kuwa injinia. Kila pawa sapulai iko na stika ubavuni yenye jedwali dogo. Hapo ndio ukweli huishi, boksi ni matangazo tu. Tafuta laini ya 12V, uone ni ampea ngapi, uzidishe mara 12. Yangu ilikuwa 14A. 12 mara 14 ni 168. Wati 168! Na RX 580 peke yake huitisha kama 185, bado hujalisha CPU. Hizo zingine za kufikisha 500 walikuwa wamejumlisha kwa 5V na 3.3V, laini ambazo PC ya siku hizi haitumii sana. Ya ukweli ya 500W itakupea karibu zote kwa 12V, unaona kama 38A hadi 41A. Hesabu ya darasa la sita, na ingenisave.

Lakini usidhani stika nzuri inamaliza kazi, juu kiwanda kinaweza kuiandika uongo pia. So kuna vitu utaangalia na mkono. Inua. Nzuri ni nzito juu ndani kuna koili, vipande vya alumini vya kupooza joto, na kapasita kubwa. Yangu ilikuwa nyepesi kama lunchbox tupu. Angalia waya: kwa kebo nzuri utaona imechapishwa 18AWG ama 16AWG. Ukiona 20 ama 22, hiyo ni waya nyembamba (hapa namba ikipanda waya inakonda), na waya nyembamba ikibebeshwa mzigo inachemka. Halafu kuna kale kaswichi kekundu nyuma kenye 115 na 230. Kakiwa hapo, mara nyingi ni disaini ya zamani ama ya bei ya chini. Kenya tuko 240V. Msee akiicheza kidogo iende 115 halafu uwashe, umejilipua mwenyewe.

Najua kuna mjanha atasema, "Mi hununua ya Gold, niko sawa." Buda, tulia.

Ile beji ya 80 Plus, tangu ianze 2004, hupima kitu moja kubwa: stima ngapi inapotea kama joto. Gold maana yake ikibeba nusu ya mzigo inapeleka kama asilimia 90 kwa mashine na inachoma 10. Poa, inasaidia bili ya tokeni. Lakini haikuambii kama itazima yenyewe ukiizidisha mzigo, ama kama volti zinatoka zikiwa zimetulia. Kuna mawimbi madogo yanabaki juu ya hiyo 12V. Mwongozo wa ATX unasema yasipite milivolti 120, na 50 kwa 5V. Yakizidi, kapasita za madabodi na GPU zinachoka polepole. Hutaskia paa. Utaona tu PC inaanza kuji-restart, unalaumu Windows, unalaumu game, unamlaumu mpaka jirani.

Na mfano mkubwa uko, tena wa kampuni kubwa. 2021, wakati GPU zilikuwa adimu kama dhahabu, Newegg ya Marekani ilikuwa inauza kadi zikiwa zimefungwa pamoja na pawa sapulai za Gigabyte, GP-P750GM na GP-P850GM. Unataka kadi, chukua na hii. Hizo zilikuwa Gold, jo. Gamers Nexus wakanunua kadhaa wakazipima, karibu nusu zikawafia, zingine na cheche na mlipuko. Agosti hiyo Gigabyte wakakubali kushusha kiwango cha ile kinga ya kuzima mzigo ukizidi: kwa ile ya 750 kinga ilikuwa inangoja mpaka kati ya wati 900 na 1,125 ndio izime. Wakaishusha hadi kati ya 825 na 900, na wakatoa nafasi ya kubadilishiwa. Cheki hiyo hesabu vizuri. Ilikuwa na beji, ilikuwa na jina, na mlinzi wa mlango alikuwa amelala.

Ndio maana jina la kampuni pekee halitoshi, uliza modeli. Corsair wenyewe si wao hutengeneza nyingi za zao, viwanda kama CWT na Seasonic ndio huwatengenezea. Kampuni moja inaweza kuwa na modeli safi na modeli takataka kwa shelfu moja. Kabla utoe ganji, tafuta hiyo modeli kwa Cybenetics. Hao hupima mpaka kelele na huweka ripoti zao wazi. Bundle za dakika kumi, basi.

Sasa tuje kwa stima yetu, juu reviu nyingi ni za watu ambao taa zao hazipepesi. Unakumbuka 25 Agosti 2023, giza karibu nchi nzima mpaka JKIA? Ikarudia 10 Desemba mwaka huo huo. Hizo ziliingia kwa habari. Zile za mtaani za kupotea sekunde moja na kurudi na kishindo haziingii. Pawa sapulai nzuri inashikilia PC kama milisekunde 16 stima ikikatika, hiyo inatosha kwa kupepesa tu. Feki huwa wameweka kapasita ndogo, so kila kupepesa ni restart. Lakini nisikudanganye, stima ikipanda juu sana na kukaa huko, ata ile noma inaweza kufa. Hapo UPS yenye AVR ndio kinga, na ninajua si kila mtu ako na hiyo doo.

Kama hauna, ushauri wangu ni huu, na wajuaji watanitusi: chukua ex-UK. Zile OptiPlex na EliteDesk za ofisi ziko na pawa sapulai ya 240W ama 290W, na hiyo 240 ni 240 ya ukweli. Weka kadi isiyohitaji waya ya ziada, kama GTX 1650 za 75W, uishi na amani. Shida ni kwamba soketi zao si za kawaida, so usinunue ya dukani ukidhani itaingia tu. Na waya za zile za kuchomoka usichanganye za brandi mbili, ata kama plagi inaingia fiti. Mpangilio wa pini ni tofauti. Diski inaweza kupokea 12V mahali pa 5V, kwaheri.

Na usifungue. Ndani kuna kapasita inakaa na karibu volti 400 ata baada ya kuchomoa plagi.

Hiyo diski yangu nilipeleka kwa mzae mmoja fundi pale Luthuli, juu ngazi. Akaiangalia, akacheka, "Kijana, hii haijakufa, imejitoa mhanga." Kumbe kwa diski kuna diodi ndogo ambayo hujichoma ili kuzuia volti zisifike ndani. Akaing'oa na kisoldari, diski ikazunguka. Tukakopi ruracio yote usiku huo tukiwa tumeshikilia pumzi, juu bila hiyo diodi haina tena kinga. Sista ya beshte yangu alipata video yake wiki mbili late, na bado huniita "msee wa moshi."

Pawa sapulai nayo bado niko nayo. Nilijaribu kuiwekea mlango wa keja usijifunge na upepo. Ni nyepesi, inasukumwa tu.