Tiketi ya Tamasha la Katuni Nayo Iwe na Fungu Lake

Waambie watu kwamba unaweka hela ya kwenda kwenye tamasha la mashabiki wa anime, uone majibu. Wa kwanza atacheka. Wa pili atakuuliza una miaka mingapi. Wa tatu, ambaye mara nyingi yuko nyumbani, atasema: "Kumbe hela zipo, ila kutuma ndiyo hutaki." Maneno ya huyu wa tatu ndiyo yanayouma. Kwa sababu yake wengi huenda kwa kificho, na wengine hukaa chumbani siku ya mapumziko wakitazama picha za waliokwenda.

Sisi tunaowahimiza kila siku muweke akiba na mtume nyumbani kwa mpango, tunasema hivi: kama unaipenda hiyo katuni kweli, nenda. Ila tunaweka masharti matatu. Hela iwe imewekwa kabla, isitoke kwenye fungu la nyumbani wala kwenye mkopo, na nyumbani wajue. Ukitimiza hayo matatu huna deni na mtu.

Kwanza, si mambo ya watoto

Wanaosema katuni ni za watoto hawajaingia kwenye kumbi hizi. Huko Japani, soko kubwa la mashabiki liitwalo Comiket lilianza Tokyo mwaka 1975, na walioingia siku ile wakiwa vijana leo ni wazee. Dragon Ball ilianza kuchapishwa mwaka 1984 na kuingia kwenye televisheni mwaka 1986. One Piece imekuwa hewani tangu 1999. Mtu aliyeanza kuitazama akiwa darasa la tatu leo ana watoto wake.

Kwa nchi za Kiarabu historia ni ndefu vilevile. Grendizer ilitafsiriwa kwa Kiarabu tangu enzi ya miaka ya 70, na Captain Tsubasa, ile ya mpira, huku inajulikana kwa jina la Captain Majid. Kituo cha Spacetoon kilianza mwaka 2000 na kimewalea watoto wengi wa huku kwa katuni za Kijapani zilizotiwa Kiarabu fasaha. Kwa hiyo usishangae ukikuta bosi wako mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu, anaujua wimbo wa Captain Majid mwanzo hadi mwisho.

Na nyinyi wasomaji wetu mmeingia humo kwa njia zenu. Wapo waliomjua Goku kwenye kibanda umiza. Wapo madada waliomjua Conan kwa kukaa na watoto wa madam mchana kutwa, wakaokota na Kiarabu humohumo, kile cha vitabuni ambacho ukimjibia mwenye duka anabaki kucheka. Wapo mafundi wanaotazama sehemu moja ya One Piece kila usiku kwenye simu kabla taa za kambi hazijazimwa. Hayo ni mapenzi ya miaka mingi, na hayakuombwa ruhusa na mtu.

Matamasha yenyewe yamesogea mpaka karibu. Middle East Film & Comic Con ilianza Dubai mwaka 2012, na tangu 2022 imehamia Abu Dhabi. Riyadh iliandaa Saudi Anime Expo ya kwanza mwaka 2019. Machi 2024, mwezi uleule alioaga dunia Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, Saudia ilitangaza kwamba itajenga bustani nzima ya michezo ya Dragon Ball huko Qiddiya, nje ya Riyadh, kwenye eneo la mita za mraba zaidi ya 500,000. Tujiulize nani atafunga nondo na kumwaga zege mahali kama hapo. Ni watu wanaosoma ukurasa huu, na wenzao kutoka Asia. Mtu anayejenga ukumbi, au anayelea mtoto wa mwenye tiketi, asione haya kuingia siku moja akiwa mgeni.

Sasa tuje kwenye hesabu

Tuchukue mfano wa dada wa kazi anayelipwa dirham 1,200 kwa mwezi, anayekula na kulala kwa bosi. Tuseme anatuma nyumbani 700, anaweka akiba 250, na matumizi yake mwenyewe, yaani vocha, sabuni, mafuta na nguo, ni 225. Zinabaki 25. Hizo ndizo tunazoziita fungu la furaha. Ni kama asilimia 2 ya mshahara. Kwa miezi 10 zinafika 250.

Hizo 250 zigawe kabla hujatoka nyumbani. Tuseme tiketi ya siku moja 110, nauli ya basi kwenda na kurudi 50, chakula 30, na 60 za kununua kumbukumbu. Bei halisi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo tazama mwenyewe kwenye tovuti ya waandaaji, na nunua hapohapo. Tiketi ya kuuziwa kwenye kikundi cha simu na mtu usiyemjua ni njia fupi ya kubaki nje mlangoni.

Mtu atasema, "Hata hiyo 25 sina." Tunamwomba aangalie anavyotuma. Wengi mnatuma mara mbili au tatu kwa mwezi, kidogo kidogo, kila simu ikilia. Ofisi za kutuma pesa hukata ada kwa kila muamala. Tuseme ada ni dirham 20. Ukituma mara mbili, 40 zimekwenda. Mkikubaliana na nyumbani tarehe moja ya kutuma, ukatuma zilezile 700 kwa mkupuo, umeokoa 20 kila mwezi, na kwa miezi 10 ni 200. Mama hajapungukiwa hata shilingi. Aliyepungukiwa ni mwenye ofisi ya kutuma.

Kwa walioko nchi jirani, hesabu ni nzito zaidi. Ukiwa Muscat, ukaazi wa Omani haukupi ruhusa ya kuvuka kwenda Abu Dhabi kama unavyovuka mtaa. Kuna viza, kuna bima, kuna mahali pa kulala. Gharama hizo zinaweza kuishinda tiketi mara kadhaa. Zikizidi fungu lako, subiri mwaka mwingine au tafuta tamasha dogo la nchi uliyopo. Kukopa kwa ajili ya hili hatukubali hata kidogo, hata kwa rafiki, hata kama zamu yako ya upatu ni mwezi ujao.

Ndani ya ukumbi ndipo hela inapoliwa

Tiketi siyo inayowamaliza watu. Wanamalizwa na vibanda vya ndani. Kuna fulana, mabango, vitabu vya manga, vinyago vya Luffy na Naruto vilivyochongwa mpaka mikunjo ya nguo. Saini ya mwigizaji wa sauti hulipiwa mbali, na picha ya pamoja naye hulipiwa mbali. Muziki unapiga, watu wanapita na mifuko, na mkono wako unaanza kuwasha.

Tumia kipimo hiki. Gawa mshahara wako kwa siku 26 za kazi. Huyu dada wa dirham 1,200 anapata kama 46 kwa siku. Akiona kinyago cha dirham 300, ajiambie: hii ni siku sita na nusu za kupiga pasi, kupika na kuosha vyombo. Kama baada ya kujiambia hivyo bado anakitaka, basi akiwekee fungu akinunue mwakani. Kikiisha, vitatengenezwa vingine, maana biashara hii inaishi kwa kutengeneza vingine.

Njia nyepesi ya kuilinda bajeti ni kwenda na noti mkononi, kadi ukaiacha. Noti zikiisha, umemaliza kununua, sasa furahi. Na mambo mazuri kuliko yote humo ndani hayauzwi. Kuwatazama waliovaa kama wahusika ni bure. Kuzunguka kwenye meza za wachoraji na kuongea nao ni bure. Kubishana na Mfilipino usiyemjua juu ya nani ana nguvu zaidi, Goku au mwingine, ni bure, na unaweza kurudi na rafiki.

Ukitaka kuvaa nawe, usiagize vazi la bei kubwa. Luffy ni kizibao chekundu, kaptula ya buluu, na kofia ya ukindu yenye utepe mwekundu. Hiyo kofia watu wa pwani wanaisuka tangu zamani. Naruto anaanza na kitambaa cha kufunga kwenye paji la uso. Silaha za chuma na vitu vyenye ncha usibebe, walinzi watazichukua. Na picha za watu usipige bila kuomba. Imarati sheria ya kupiga na kusambaza picha za watu bila ridhaa ni kali, na faini yake haina huruma na mshahara wako.

Siku ya nani?

Hapa tunasema na madada hasa. Kuna anayetuambia ameshakwenda tamasha, kumbe alikwenda kushika mikoba na kumkimbiza mtoto wa miaka minne kwenye umati. Hiyo ni kazi. Kumsindikiza madam na watoto hakuhesabiwi kuwa ni siku yako ya mapumziko, hata kama umepigwa picha na Pikachu.

Sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya Imarati ya mwaka 2022 inatoa siku moja ya mapumziko kila wiki, yenye malipo. Wakikuhitaji kazini siku hiyo, una haki ya siku nyingine au malipo yake. Qatar, kwa sheria ya 2017, ni saa 24 mfululizo kila wiki. Tunajua karatasi ni kitu kimoja na mlango wa nyumba ya watu ni kingine. Ndiyo maana tunashauri uombe mapema, mwezi mzima kabla, kwa adabu na kwa tarehe kamili, kisha ukumbushe. "Madam, Jumamosi ya tarehe fulani naomba iwe siku yangu" ni sentensi fupi, na ni rahisi kukubaliwa kuliko ombi la ghafla la jioni ya kuamkia siku yenyewe. Ukiona kuna dalili ya kukataliwa, usinunue tiketi kabla ya jibu.

Na wale wa nyumbani

Tunaheshimu hoja yao. Hukuuza kipande cha shamba kulipia wakala ili uje kuangalia katuni. Kuna ada za shule, kuna nyumba imefika kwenye linta na mvua inainyeshea. Mwenye deni la wakala bado, au mwenye mgonjwa, sharti letu la kwanza linamzuia mwenyewe: fungu hilo halijapatikana, asubiri.

Lakini tumeona vitabu vya watu wengi wanaojinyima kila kitu. Hawadumu. Mwezi wa nane au wa tisa mtu anachoka, anaingia dukani na hasira ya miezi minane, anatoka na simu ya mkopo. Anayejipa 25 kwa mwezi kwa kitu anachokipenda kweli ana sababu ya kukatalia vingine vyote. Na akimaliza mkataba wa miaka miwili, ana akiba yake, ana nyumba yake, na ana siku moja aliyoishi kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa hiyo waambie kabla hawajaona picha. Piga simu, sema: "Mwezi huu nimetuma kama kawaida. Kuna hela niliyoiweka kidogo kidogo, Jumamosi nakwenda kutembea." Usiombe radhi. Ukificha, picha itafika, maana kijijini siku hizi kila mtu ana simu, na watakaoiona watakisia kiasi kikubwa mara kumi ya ulichotumia. Ukisema mwenyewe, kiasi kinajulikana na maneno yanakuwa mafupi.

Anayetaka kwenda mwakani aanze na mshahara wa mwezi huu: 25 kwenye bahasha, jina la tamasha juu yake, na bahasha isiguswe kwa vocha.