MAJI YA MTUNGI NA MAJI YA MTO



Wenzetu waliokwenda Kigoma kutazama kilimo cha michikichi wamerudi na khabari nyingi za mawese, na moja isiyo ya mawese. Ufukweni Ujiji waliwasikia watu wakisema kwamba saratani imezidi, na kwamba waileta maji ya ziwa wanayoyanywa. Wako waliocheka. Sisi hatucheki, maana maji ya kunywa yamekwisha leta saratani kwingine. Huko Bangladesh, tangu miaka ya 1970, watu walichimbiwa visima ili waepukane na madimbwi machafu, na baadaye ikaonekana kwamba visima vingi vina sumu ya aseniki, iletayo saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu. Maji yale yalikuwa meupe kabisa.

Lakini tusisahau yule aliyekwenda kuteka. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilikata shauri kwamba kichocho cha mkojo huleta saratani ya kibofu. Na kichocho hakipatikani kwa kunywa. Mdudu wake hutoka kwa konokono wa maji matamu, akapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga, kufua au kuvua. Baba aweza kuchemsha kila tone la mtungini, na mwanawe akaugua kwa kuogelea alasiri.

Kichocho hicho cha mkojo ni chetu sisi wa Unguja na Pemba. Kile cha mwambao wa Kigoma ni cha tumbo, kiharibucho ini. Hata nyani wa Gombe wamekutwa nacho. Juu ya hicho cha tumbo, wataalamu wale wale walisema kwamba ushahidi hautoshi kukihukumu kwa saratani. Basi anayeapa kwamba ziwa laleta saratani, na anayeapa kwamba halileti, wote wawili wamefanya haraka.

Twaona dawa ya ubishi huu ni daftari. Mgonjwa wa Ujiji hupelekwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200, na anayefia nyumbani haingii katika daftari la hospitali yo yote. Aulizwe kila mgonjwa, huko na huku kwetu: kwa miaka 20 iliyopita ulikunywa maji gani, na ulioga wapi?

Wakati tukingoja, wako kati yetu walioambiwa utotoni kwamba damu katika mkojo ni dalili ya kubaleghe. Si kweli, na dawa ya kichocho ipo. Mwanachama mwenye kijito shambani, awawekee wachumaji pipa la maji ya kisima ya kuogea kabla mavuno hayajaanza.