Si Kila Wingu ni Mvua

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa kuiamini methali hiyo mkulima huanua mpunga wake mapema, na mara nyingi huwa hakukosea. Ndivyo ilivyo akili ya binadamu: haina nafasi ya kulipima kila jambo kwa mizani, hivyo hushika njia ya mkato.

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa saikolojia, Amos Tversky na Daniel Kahneman, waliandika juu ya njia hizo katika jarida la Science. Mojawapo ni mfanano: tukiona jambo lafanana na jingine, twaamua upesi kwamba limetokana nalo. Walieleza kuwa njia hizo kwa kawaida hutufaa, ila mara nyingine hutuingiza katika makosa makubwa.

Hebu tuyatazame hayo nyumbani. Mtoto ana homa kali. Ghafula macho yanapinduka, na mikono inapigapiga kama mabawa ya ndege. Hiyo ndiyo degedege, na jina lenyewe lakumbusha ndege. Kwa wengi wa pwani yetu mfanano huo ulitosha: mtoto kapitiwa na ndege mbaya au shetani, basi apelekwe kwa mganga. Kumbe huenda ni malaria kali iliyofika ubongoni, nayo yaweza kuua kabla siku haijaisha.

Tusimcheke mzazi huyo. Wenye elimu nao wana mkato wao: kila homa ni malaria. Humpa mtoto vidonge vilivyosalia kabatini, kumbe ana nimonia. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja tu, na jibu hupatikana kwa muda wa dakika 15 hadi 20.

Basi, ndugu msomaji, hatusemi uache kutazama mawingu. Wazo la kwanza likikujia, jiulize: "Nimejuaje?" Na mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, kisha mkimbize hospitali. Mengine mtayazungumza akiisha kupona.