Mfereji wa Kisabengo

Neno dikteta limekuwa jepesi mno vinywani mwa watu. Msimamizi wa kiwanda akimnyima mtu ruhusa huitwa dikteta. Mwenyekiti wa tawi akiurefusha mkutano kwa dakika kumi, huyo naye ni dikteta. Na waume wengi hupewa cheo hicho nyumbani, pengine kwa haki. Ni wachache wakumbukao ya kuwa hapo mwanzo kilikuwa cheo halali. Warumi wa kale walimteua dikteta wakati wa hatari, wakampa miezi sita, kisha wakamtazamia arudi shambani kwake. Julius Caesar alijifanyia cheo hicho kuwa cha maisha mwaka wa 44 kabla ya Kristo, na mwezi Machi mwaka ule ule akauawa kwa visu.

Tunapotaka mifano twakwenda mbali. Twataja Hitler na Mussolini, au twavuka mpaka wa Kagera kumtafuta Idi Amin. Sisi wa Morogoro hatuna haja ya safari hiyo ndefu. Mji wetu ulianzishwa na mtu wa namna ile ile, naye alikuwa Kisabengo.

Habari zake zimeandikwa na Henry Morton Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kisabengo, asema, hakuzaliwa katika ukoo wa kitawala. Alikuwa mtu wa hali ya chini, Mzigua, mwenye nguvu za mwili, msemaji hodari, tena mcheshi. Watumwa waliotoroka walimkusanyikia wakamfanya kiongozi wao. Akaikimbia hukumu iliyomngoja kwa Sultani wa Unguja, akaingia Ukami, akaanza kupiga vita na kuteka watu, hata Wakami wakamwachia nchi nzuri ya bonde la Ngerengere. Hapo akajenga mji, akauita Simbamwene.

Ndugu wasomaji, yatupasa kusimama kidogo hapa. Waliokimbia minyororo ndio waliomwinua, na yule waliyemwinua akageuka mteka watu. Hatusemi walikuwa wajinga. Mtu aliyetoroka kwa bwana wake, asiye na ukoo wala shamba katika nchi ya watu, alihitaji ukuta wa kujificha nyuma yake, na Kisabengo aliujua vema ujenzi wa kuta. Mji ule ulikuwa wa pembe nne, na kila pembe ilikuwa na mnara wa mawe. Malango yalikuwa manne, na milango yake ilikuwa ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi za Kiarabu. Pia tusiudharau ucheshi. Amin naye alijua kuchekesha. Alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kabla ya kuwa jenerali, na mwezi Januari 1971 watu wa Kampala walimiminika barabarani wakimshangilia. Mwaka 2006 maisha yake yakafanywa senema, na mwigizaji Forest Whitaker akapata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza. Watazamaji wengi walitoka wakisimulia vichekesho vyake.

Katika uzee wake Kisabengo aliona jina lake limechafuka, akalivua, akavaa jina la mji. Mobutu wa Kongo alifanya jambo linalofanana na hilo, alipoibadili nchi kuwa Zaire mwaka 1971 na mwaka uliofuata akajibadili jina na yeye. Lakini Kisabengo alizidi. Alipokuwa akifa aliagiza binti yake mkubwa atawale, akampa jina lile lile la Simbamwene. Na hayo katika nchi ambayo urithi hufuata upande wa mama, na mpwa ndiye atazamiwaye.

Stanley naye si shahidi wa kuaminiwa kwa kila neno. Aligombana na Bibi huyo. Wajumbe wake walipodai hongo alikataa, akisema msafara wake uliotangulia umekwisha lipa. Naye Bibi baadaye akawashika watu wake. Tena Stanley mwenyewe aliwachapa wapagazi wake viboko. Mtu wa namna hiyo anapomwita mwingine mnyang'anyi, msomaji na apunguze kidogo.

Lakini tusipunguze hata tukabakiwa na sifa tupu. Wako wenzetu wapendao kumsimulia Kisabengo kama mwanzilishi shujaa na kukomea hapo. Hatukubaliani nao. Tazameni milima iliyo juu yetu. Waluguru walikaa na wazee wa koo zao, kila ukoo na ardhi yake, pasipo mfalme mmoja juu ya wote. Na milima ile iliwasitiri wengi na wawindaji wa watumwa. Wakoloni ndio waliowatafutia sultani mmoja. Serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, yaliyoufukua udongo usio na rutuba, sultani huyo alitakiwa kuwasukuma watu wake. Na mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Watu wasiozoea amri ya mtu mmoja huchelewa kuizoea.

Fahari kuu ya Kisabengo ilikuwa mfereji mrefu aliouchimbisha ili kuleta mkono wa mto karibu na mji wake. Mwezi Aprili 1872 ilikuja dhoruba kubwa, ile ile iliyoharibu Unguja, na maji yakashuka kutoka Uluguru. Stanley aliporudi aliukuta ukuta wa mbele umechukuliwa wote pamoja na nyumba zipatazo hamsini, na Bibi amekimbia. Mafuriko yaliingia kwa njia ya mfereji ule.

Mikono iliyouchimba haikuandikwa na Stanley wala na mwingine yeyote. Twajua majina ya baba na binti, na ya mgeni aliyepita, lakini la mchimbaji hata mmoja hatulijui. Walimu wa historia walioko Morogoro mjini, Kinole na Matombo wana wanafunzi wenye mabibi na mababu walio hai. Wawatume wakaulize sasa, na majibu yaandikwe daftarini kwa majina na kwa koo.