Neno la Mhariri: Nyumba ya Milango Miwili

Imekuwa ada, kila wapenzi wa tarikhi ya mkoa wa Tanga wanapokutana, kumsikia mmoja wao akiinuka na kuomboleza kwamba Handeni na Korogwe hazina kumbukumbu: kwamba Wajerumani walichukua zao, Waingereza wakachukua zao, wamishenari wakafunga zilizosalia katika masanduku yaliyokwenda Oxford, na kwamba Mzigua wa leo atakaye kuijua nasaba yake hana ila mawili, ama akate tamaa ama akate tiketi. Hotuba hiyo nimeisikia mara nyingi hata nimeihifadhi kwa ghibu, na toleo hili nimelikusanya makusudi ili niijibu. Sikanushi kwamba hati za UMCA, misheni ya Waanglikana, ziko Oxford, wala kwamba madaftari mengi yamekwisha kuliwa na mchwa. Ninachokikanusha ni dhana kwamba mtu aliyebisha mlango mmoja asiitikiwe amekwisha kupata haki ya kutangaza kuwa nyumba nzima haina watu.

Mlango huo mmoja tumefundishwa na fomu. Iwe ya shule, ya kitambulisho au ya mirathi, fomu hutaka jina lako, la baba na la babu. Mama, akitajwa, hutajwa chini, mfano wa shahidi aliyeitwa baada ya hukumu kutoka. Mtafiti kijana huitwaa fomu hiyo kana kwamba ndiyo dira, akaenda nayo Kwamsisi au Kwamatuku, akauliza jina la baba wa babu, akapewa majina mawili, la tatu likakosekana, akafunga daftari lake na kurejea mjini akisema wazee wamesahau. Lau angewauliza wazee wale lukolo, yaani ukoo, wa mama yao, na wa mama wa mama yao, wangemkalisha mkekani mpaka magharibi, na angeondoka na majina ya wajomba ambao hakujua kuwa anao. Kwamba Wazigua na Wanguu, kama jirani zao Wakaguru na Waluguru, kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ni jambo ambalo T. O. Beidelman alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967, nami sioni haja ya kulirudia hapa. Uislamu, Ukristo na sheria za serikali zimeupa nguvu upande wa baba, na leo wengi wetu twajulikana kwa pande zote mbili. Basi itakuwaje tuutafute ukoo kwa upande mmoja, tena ule uliokuja nyuma?

Najua watakaonipinga wataniletea Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy iliyoanza kutoka katika matbaa ya wamishenari huko Magila mwaka 1895, na ambayo J. W. T. Allen aliitoa upya mwaka 1962, nao wataniambia: tazama, hii hapa silsila ya wanaume watupu, kutoka Mbega hadi Kimweri na wanawe. Nawaomba waisome tena. Mbega anaondoka Unguu kwa sababu jamaa zake wanamnyima urithi wakimwita kigego, yaani mtoto wa mkosi. Anaingia Usambara mgeni asiye na mtu. Na kinachomgeuza kuwa mtawala, baada ya wale nguruwe na simba aliowaua, ni wake aliowaoa kwa wenyeji, ambao watoto wao walipata kutawala wakiegemea mabega ya wajomba. Mwondolee Mbega wakwe zake, naye atabaki mwindaji hodari mwenye mbwa wengi. Hadhari kama hiyo yahitajika kwa vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza: zimo humo nasaba zilizonakiliwa katika miaka ya Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, wakati serikali ilipokuwa ikitafuta nani astahili kuwa zumbe, yaani chifu, na katika msimu kama huo kila mtaka cheo huja na shajara yake mkononi. Hati ya namna hiyo isomwe kama madai ya mdai barazani, ambayo huenda yakawa kweli, lakini hayajawa hukumu.

Makala ya pili ndiyo moyo wa toleo hili, na nakiri kwamba nimeipa kurasa nyingi kuliko mwandishi wake alivyoomba. Yahusu watu wa Chogo. Katika miaka ya 1830, njaa ilipoishika nchi, watu wengi wa Uzigua walijikuta ndani ya majahazi, baadhi kwa kuuzwa na baadhi kwa kurubuniwa kwa ahadi za chakula, wakashushwa pwani ya Benadir na kutumikishwa mashambani. Waliotoroka walishika njia ya kusini wakitumaini kurejea kwao, na masimulizi ya wajukuu wao yasema kiongozi wao alikuwa mwanamke, Wanankhucha, aliyewafikisha katika misitu ya mto Juba. Hapo wakakaa zaidi ya miaka mia na hamsini, na Kizigua chao hakikufa. Vita vya Somalia vilipowafumua mwaka 1991, wengi walikimbilia Kenya, na maelfu miongoni mwao baadaye wakapelekwa Marekani. Wengine walishuka hadi kwetu, wakawekwa Mkuyu katika Handeni, kisha, tangu mwaka 2003, Chogo, na serikali ikawafungulia njia ya kupata ardhi na uraia.

Watu hawa hawakuja na vyeti vya kuzaliwa vya mababu zao. Walikuja na lugha, na pamoja na lugha walikuja na majina ya nkolo, yaani koo zao, ambayo Francesca Declich, aliyewachunguza kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi yalivyohifadhiwa kwa upande wa mama, katika ngoma na matambiko, hata pale ambapo hadharani, mbele ya majirani wahesabuo ukoo kwa baba, iliwabidi kujinasibisha na koo za Kisomali. Huku nje walikuwa watu wa fulani. Kule ndani, walipokuwa wanawake na ngoma zao, walikuwa Wazigua. Mwandishi wetu, ambaye ni mwangalifu kunishinda, akumbusha kwamba milango ya dola hufunguliwa na siasa wala haifunguliwi na nasaba peke yake. Nakubali, lakini siasa nayo yahitaji hoja ya kuegemea, na hoja iliyoegemewa ni kwamba asili ya watu hawa ni hapa. Basi napenda msomaji wa Handeni mjini, mwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na simu ya mkononi, ajiulize imekuwaje mjukuu wa watu waliouzwa aijue asili yake kwa muda wa karne moja na nusu, naye hawezi kupita jina la babu.

Makala ya tatu yatupeleka Korogwe na Kwamkono, penye madaftari ya ubatizo na ndoa ya Waanglikana. Mwandishi atufundisha jambo ambalo watafutaji wengi hulipuuza: wasikomee kwenye jina la mbatizwa na la baba yake, bali wasome na majina ya wadhamini na kijiji walikotoka, kwa kuwa mara nyingi mjomba aliyekosa nafasi katika safu ya wazazi huonekana amesimama katika safu ya wadhamini. Mimi naongeza neno moja la adabu. Madaftari hayo ni amana ya parokia, na mtu huenda kwa padre kwa taadhima, akaeleza shida yake na kungoja idhini. Haingii kama mkaguzi, akapiga picha na kutoweka.

Ya nne ni ya mkonge, na ingefaa iwe kitabu. Ngombezi, Magunga na Hale zilijaa watu waliotoka Urundi, Ruanda, Msumbiji, Nyasa na Unyamwezi, walioandikwa kwa namba hata wakaitwa manamba, na ambao baada ya mwaka 1944 wengi waliletwa na ofisi ya uajiri iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mjukuu wa manamba ndiye mwenye haki ya kulalamika kuliko sisi sote, maana babu yake aliingia daftarini akiwa namba na kipande cha siku thelathini. Hata hapo mwandishi aonyesha kwamba bibi, aghalabu mwanamke wa hapa hapa aliyeolewa kambini, ndiye aliyebaki na simulizi ya jina la kwao mume wake.

Makala ya tano ni ya mahame, yaani miji iliyoachwa watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na yatuhimiza tuyaorodheshe makaburi kabla matrekta hayajayafikia; isomwe. Ya sita ni ya hati za Kijerumani zilizomo katika Nyaraka za Taifa, na itawafaa waijuao lugha hiyo. Ya saba yasifu kupima nasaba kwa mate yatiwayo katika kichupa na kupelekwa ng'ambo. Nimeichapa kwa insafu, ingawa sijaona bado kichupa kilichomwambia mtu jina la mjomba wake.

Liko jambo moja ambalo hakuna mwandishi wetu aliyelikabili. Wakati wa njaa, watoto wa nchi hii waliwekwa rehani, na aliyewaweka mara nyingi alikuwa mjomba mwenyewe, kwa mamlaka ile ile ya lukolo ninayoisifu. Wengine hawakukombolewa. Kwa hiyo mzee akinyamaza unapofika jina fulani, usimkate kauli wala usimhesabu msahaulifu. Huenda amelificha jina hilo kwa stara, akikulinda wewe uliyemwuliza. Ukoo wa mama una aibu zake kama ulivyo na fahari zake, na mwenye kuutaka yampasa auchukue wote.

Mwisho wa toleo hili utakuta jedwali tupu la kujaza pamoja na wazee wako. Safu ya kwanza ni ya mama wa mama, ya pili ni ya mama, ya tatu ni ya wajomba, kisha kijiji walikozikwa, na baada ya hayo yote ndipo palipo nafasi ya baba na babu. Msomaji atakayedhani kwamba mpiga chapa amekosea na kuupindua ukurasa, namwambia mapema kwamba hajakosea. Anza juu, nawe uanze upesi, maana anayeweza kuijaza safu ile ya kwanza ni bibi yako, na yeye hana nakala Oxford.